Saa Haihesabu Kila Hatua



Siku hizi hatua tunazihesabu kama hela. Jioni tunafungua simu, tunalinganisha, tunaweka status: "Leo 12,000, Mungu ni mwema!" Na hapa Moshi, Kilimanjaro Marathon ikikaribia, ndiyo usiseme.

Niseme mapema: si dhambi. Mtume Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19). Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kama saa janja inakutoa kwenye kochi, vaa tu, na umshukuru Mungu.

Ila hebu tuulize, inahesabuje? Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono, kisha programu inageuza mitikisiko kuwa hatua. Ndiyo maana ukikaa ukatikisa mkono, inaweza kukuongezea hatua ambazo hukutembea. Hata ile 10,000 tunayoishika kama amri ya kumi na moja ilianzia Japani mwaka 1965, ikiwa jina la biashara la kifaa cha kuhesabia hatua.

Sasa mtazame mama wa Machame anayepandisha mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mkono umeushika mzigo, hauyumbi. Mvalishe saa kwenye mkono huo, nyingi za hatua zake zinaweza kupotea. Vivyo hivyo mpagazi anayepita geti la Machame huku ameshikilia begi la mgeni kichwani. Umeona? Aliyebeba mzigo wa mwenzake, saa inaweza kudhani amesimama.

Mungu hadhani hivyo. Bikira Maria aliondoka kwa haraka kwenda nchi ya milimani (Lk 1:39). Luka hatuambii alipiga hatua ngapi. Anatuambia alikwenda kwa nani. Na Yesu anatukumbusha kwamba Baba huona yale ya sirini (Mt 6:4).

Kijana mwenzangu, unaweza kuzunguka sebuleni saa nne usiku ili namba itimie, na bibi yako mgonjwa, kihamba cha pili tu, hajakuona tangu Pasaka. Moyo wako saa inaupima mapigo. Unampenda nani, haijui.

Basi wiki hii usiivue saa. Zipe hatua zako mtu. Muulize mwenyekiti wa jumuiya nani anaumwa, uende kwa miguu, ukisali Rozari njiani. Ukifika, chota maji, kata majani ya ng'ombe, kaa usikilize. Ukirudi, usiposti.

Tusali: Bwana Yesu, uliyetembea kwa miguu mpaka Yerusalemu ukapandisha Kalvari na mzigo wetu, ongoza hatua zetu kwa wale wanaotusubiri. Amina.