Unadhifu wa Mahali Pasipoonekana

Katika makala haya twakusudia kulichungua swali ambalo ni la zamani kuliko gari lolote: je, mtu anawajibika kufanya kazi nadhifu mahali ambapo jicho la mwenye mali halitafika? Wengi wetu hulijibu swali hili kwa "ndiyo" ya upesi mdomoni, na kwa "la" ya polepole katika matendo. Ili tusielee katika maneno matupu, tumechagua mfano mmoja mdogo, tena wa gerejini: upitishaji wa mipira ya mafuta ya usukani katika gari la zamani linalotengenezwa upya.

Msomaji asishangae kulikuta jambo la gerejini katika kurasa za lugha. Neno "usukani" lenyewe halikuzaliwa gerejini. Lilikuwa la chomboni, na asili yake ni Kiarabu. Manahodha walilitumia zamani sana kabla gari la kwanza halijafika katika nchi zetu. Jahazi halikuwa na pampu wala mafuta, bali lilikuwa na kamba. Na kila baharia alijua ya kuwa kamba inayosuguana na ubao hukatika saa ya dhoruba, si saa ya shwari. Lugha ilipolichukua neno hilo na kulipeleka barabarani, ililichukua pamoja na wajibu wake: aliyeshika usukani amebeba roho za watu.

Usukani wa magari ya kwanza ulizungushwa kwa nguvu za mikono peke yake. Mnamo mwaka 1926 mhandisi Mmarekani, Francis Davis, alionyesha gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na mgandamizo wa mafuta; na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza gari la abiria lenye msaada huo, liitwalo Imperial. Jambo hilo likaenea, hata likafika katika magari ya Mercedes-Benz ya aina ya W123, yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, ambayo leo yamekwisha kuingia katika hesabu ya magari ya kale yanayofufuliwa kwa mapenzi.

Mpango wake si mgumu. Pampu huzungushwa na injini kwa mkanda. Mpira mmoja hupeleka mafuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye kisanduku cha usukani, na mpira wa pili huyarudisha. Ule wa kwanza hubeba mgandamizo ambao, usukani ukizungushwa hadi mwisho, huweza kupita kilo 70 kwa kila sentimita moja ya mraba, ilhali tairi la gari dogo hujazwa kilo 2 hivi tu. Ule wa pili hubeba mgandamizo mdogo. Kwa macho, mipira hiyo yaweza kufanana kama ndugu. Kwa kazi, haifanani hata kidogo.

Sasa tuwatazame mafundi watatu. Wa kwanza huipitisha mipira popote inapopita. Mmoja umeegemea bomba la moshi, mwingine umelalia ukingo mkali wa chuma, na gari linakwenda. Mwenye gari hafunui boneti, hulipa, akaondoka.

Wa pili hupenda sifa. Huikaza mipira ikanyooka kama uzi wa mwashi, huibana kwa vibano vinavyong'aa, na kila afunuaye boneti husema mashallah. Lakini injini haikukaa juu ya mwamba. Imekalia raba, nayo huinama kidogo kila dereva akanyagapo mafuta. Tena mpira wenyewe hubadilika urefu kidogo unapojaa mgandamizo. Ule usioachiwa nafasi huvutwa kila siku kwenye viungo vyake, mpaka unachoka na kuvuja. Huu ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fundi wa tatu huanza kwa kuutazama mstari uliochapwa ubavuni mwa mpira, maana mipira mingi huwa nao. Mstari ukijizungusha kama mmea unaotambaa mtini, mpira umesokotwa, naye huufungua akaufunga upya. Huupa upinde mpana, huuweka mbali na bomba la moshi, hutia raba kati ya mpira na kibano. Hathubutu kufunga mpira wa mgandamizo mkubwa kwa kibano cha skrubu, kwani hicho chafaa kwa mpira wa kurudisha tu. Mwisho, huuzungusha usukani kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho, huku akitazama kama kuna kinachogusa kisichostahili kuguswa.

Hapa ndipo tunapopata tofauti tuliyoitafuta. Upo unadhifu wa jicho, na upo unadhifu wa kazi. Wa kwanza huuliza: litaonekanaje? Wa pili huuliza: litafanyaje siku nitakapokuwa sipo? Na siku hiyo si ya kubuni. Mafuta yakidondokea bomba la moshi lenye joto kali yaweza kuwaka. Mpira ukipasuka kwenye kona, magurudumu hayaachi kuutii usukani, lakini usukani huwa mzito ghafla mikononi mwa mtu aliyezoea wepesi. Mtu huyo hakuwapo gerejini. Wala abiria wake hawakuwapo, wala yule avukaye barabara.

Yuko atakayetupinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: mteja amelipia gari liende, na kila saa ya ziada ni chakula cha watoto wake, anayepamba pasipoonekana anajifurahisha mwenyewe kwa fedha za mwenziwe. Twaikubali nusu ya hoja hii. Kibano king'aacho na ulinganifu usio na kazi ni pambo, na mwenye gari ana haki ya kulikataa. Lakini nafasi ya kunyumbuka, umbali na moto, raba chini ya kibano, si pambo linalouzwa kando. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Aliyeviacha hakumpunguzia mteja gharama. Amemtwisha hatari bila kumwambia, na huenda deni hilo likalipwa na mtu mwingine kabisa.

Liko na swali la pili: mwenye kulifufua gari la kale awe mwaminifu kwa nani? Kiwandani mpira ulipitishwa njia fulani. Ikiwa yaonekana njia hiyo ndiyo iliyousugua, je, aifuate? Wako wasemao kwamba la kale lisiguswe. Sisi twaona ya kwamba uaminifu huanza kwa kuzielewa sababu za aliyetangulia, kwani kona ionekanayo ya ajabu pengine iliwekwa ili kukwepa jambo ambalo fundi wa leo hajalifikiri. Basi asibadilishe kabla ya kujua; na akibadilisha, aandike, ili fundi ajaye asidhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mhariri wa hati ya utenzi wa kale anaifahamu sheria hii: hasahihishi neno kwa sababu tu halijui, na akisahihisha hafichi.

Nasi tufundishao Kiswahili tunayo mahali petu pasipoonekana. Hakuna mkaguzi atakayejua kama tuliisoma insha ya mwanafunzi wa arobaini kwa makini yaleyale tuliyoisomea ya kwanza. Hakuna atakayejua kama tuliufafanua upatanisho wa sarufi mpaka ukaeleweka, au tuliupamba ubao kwa jedwali zuri lisiloeleweka. Mwanafunzi huyo ataondoka shuleni. Na lugha tuliyompa, iwe imefungwa vizuri au vibaya, itapimwa siku atakapoihitaji mbele ya hakimu, mbele ya daktari, au katika nchi ya ugenini.

Jibu letu, basi, ni hili. Mahali pasipoonekana hapako nje ya ahadi yetu. Mwenye kulipa hutuamini hasa kwa yale asiyoweza kuyakagua. Angaliweza kuyakagua yote, asingalihitaji imani. Kazi iliyofichika ikitengenezwa vema, imani hiyo imejibiwa, hata kama hakuna atakayekuja kutushukuru.