Chupa ya Mwaloni Isiende Shuleni

Mama anayemnunulia mtoto chupa ya maji sokoni Katoro au Kahama huangalia bei, kisha rangi. Lakini kwenye nyumba ya mchimbaji mdogo wa dhahabu kuna swali linalotangulia: chupa hii ilibeba nini kabla?

Kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu kama ya Rwamgasa na Mwakitolyo, zebaki ya kuinasia hununuliwa kidogo kidogo na mara nyingi hutiwa kwenye chupa yoyote iliyo karibu, ya soda au ya maji. Ikiisha, chupa hubaki nzima, inang'aa, mfuniko unabana. Kwa watu tuliolelewa kutotupa kitu kinachofaa, ni rahisi kuisuuza na kuijaza maji. Zebaki haina harufu, na chembe zilizonasa kwenye mfuniko hazionekani. Nazo hutoa mvuke hata bila moto. Mvuke huo huharibu ubongo na figo, na wanaoumia zaidi ni watoto, hata walio tumboni.

Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, wenye jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliua watu na kulemaza watoto. Mkataba huo unataka kuchoma dhahabu iliyoshikana na zebaki kwenye makazi kukomeshwe. Naamini chupa nayo ihesabiwe humo, maana kwayo mwalo huingia hadi jikoni. Makopo ya dawa ya pamba kule Kishapu ni vivyo hivyo: yatobolewe, yasichotewe maji.

Inaniuma kwamba maji ya Ziwa Victoria husafishwa Ihelele, yakasukumwa kwa mabomba hadi Shinyanga, halafu yakaharibikia kwenye chombo.

Mwenye uwezo anunue chupa ya stili isiyoshika kutu: haitoi kemikali za plastiki na inavumilia maji ya moto. Asiye nao atafute plastiki yenye namba 5 kitakoni, mdomo mpana unaoruhusu brashi kufika chini. Chupa nyembamba za maji ya dukani zilitengenezwa zitumike mara moja. Plastiki ngumu inayong'aa kama kioo yenye namba 7 iepukwe kwa mtoto mchanga, maana huweza kuwa na kemikali iitwayo BPA. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chupa za kunyonyeshea zenye BPA mwaka 2011.

Baba, unashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kwa ajili ya ada na sare za wanao. Chupa ya zebaki iache huko huko, iandikwe, ifungiwe. Ya mtoto nunua mpya, na isibebe kitu kingine ila maji.