Ahadi ya Kila Siku na Ukurasa Mtupu

Binti mmoja wa usharika wetu, anayesomea uchoraji chuoni, alitujia wakati wa likizo akiwa na daftari mkononi. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo alijiwekea ahadi ya kuchora picha moja kila siku, ndogo au kubwa, nzuri au mbaya, na kuandika tarehe chini yake. Hakuna mwalimu aliyemwagiza. Alituambia, "Baba Mchungaji, mkono wangu ni mvivu, nami nimetaka kuufunga kwa kamba." Akatufunulia kurasa zake: sufuria yenye masizi, viatu vya mwenziwe mlangoni, mkungu wa ndizi, mikono ya mama auzaye vitumbua. Twakiri kwamba tulizitazama picha zile kwa furaha.

Hata tulipofika katikati ya daftari, tukakuta kurasa nne zenye tarehe pasipo picha. Binti akainamisha uso. Siku zile nne alikuwa kitandani kwa homa. Akasema, "Nina neno la kuuliza. Nikizichora leo picha nne na kuzitia katika kurasa hizi, je, nitakuwa nimekosa? Ahadi ni yangu mwenyewe, na daftari ni langu. Mwezi ujao walimu watayatazama madaftari yetu, na chuoni wote wanajua kwamba mimi sikosi hata siku moja."

Hatukumjibu siku ile. Sababu yake tutaieleza mbele. Lakini swali lake lilikaa nasi, kwa maana si swali la wachoraji peke yao. Ni la kila mtu aliyejiwekea kazi ya kila siku.

Desturi hii ya kuchora kila siku si mpya. Apelles, mchoraji wa Wayunani aliyeishi zamani za Aleksanda Mkuu, alisifiwa kwa sababu hakuiacha siku ipite asichore walau mstari mmoja, hata alipokuwa na shughuli nyingi. Plinius, Mrumi, aliyaandika hayo, nayo yakawa mithali.

Karibu zaidi na siku zetu yuko Vincent van Gogh, Mholanzi, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1853. Mwaka 1879 alikuwa mwinjilisti kati ya wachimba makaa ya mawe katika nchi ya Borinage, Ubelgiji. Aliwapa maskini nguo zake, akalala kibandani. Walakini wakubwa wake hawakupendezwa naye, wala muda wa kazi yake haukuongezwa. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, aliazimu kuwa mchoraji. Hakuanza kwa picha za ajabu. Alichukua karatasi za mafunzo za Charles Bargue, akazinakili moja moja, kisha akazirudia, kama mtoto anakilivyo herufi ubaoni. Hata mwezi wa Januari 1886 alikuwa bado mwanafunzi, akiingia chuo cha sanaa cha Antwerp. Alikufa Julai 1890. Katika miaka ile kumi aliacha picha za rangi za mafuta zipatazo 860, na michoro zaidi ya 1,000.

Mtu aisikiaye hesabu hiyo aweza kudhani kwamba hakupotewa na siku hata moja. Sivyo. Mwaka 1889 alikuwa Saint-Rémy, Ufaransa, katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Mwezi wa Julai ugonjwa ulimshika kwa nguvu, na kwa majuma kadhaa hakuweza kufanya kazi. Alipopata nafuu alianza tena, akiwa ndani ya chumba chake. Alipokosa watu wa kuwachora, alitwaa picha zilizochapishwa za Millet, mchoraji wa wakulima, akazichora upya kwa rangi. Hatumfanyi kuwa mtakatifu. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni, wala kazi yake isingaliwezekana pasipo fedha za Theo, ndugu yake mdogo. Twasema hili tu: majuma yale ya ugonjwa yamebaki matupu katika hesabu ya kazi yake, na utupu ule haukuiharibu kazi. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa turudi kwa swali. Wengine watasema: ahadi ambayo mtu amejipa mwenyewe haimfungi, maana mwenye kudai na mwenye kudaiwa ni mmoja, naye aweza kujisamehe apendapo. Maneno haya yana nusu ya kweli. Binti huyu aweza kuifungua kamba yake, na hakuna atakayemshitaki. Lakini kuifungua ni jambo moja. Kuikata kwa siri na kuwaonyesha watu kwamba ingali imefungwa ni jambo jingine. Tarehe iliyoandikwa chini ya picha ni ushuhuda. Yasema, "Siku hii mkono huu ulifanya kazi." Yeye ndiye aliyeichagua iseme hivyo.

Wengine watasema kinyume chake: kuchora siku ambayo moyo hauna hamu ni unafiki, basi afadhali asichore kabisa. Hili nalo hatulikubali. Mama apikaye ugali jioni haulizi kwanza kama ana hamu, wala hatumwiti mnafiki. Mnafiki ni yule aonyeshaye kisichokuwapo. Aliyechora vibaya katika siku mbaya, akaiacha picha yake iwe mbaya, hakuficha kitu. Katika daftari lile tuliona picha ya kikombe iliyochorwa kwa mistari michache tu, imepinda, na pembeni ameandika, "Nimechoka." Kwetu ilikuwa picha ya kweli kuliko nyingi.

Tena kuna jambo hili. Picha ya siku haichoriki kesho yake. Mana ya jangwani iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu. Bali siku ya sita waliokota sehemu maradufu, ili siku ya saba wapumzike. Basi hata katika kazi ya kila siku mahali pa kupumzika paliwekwa. Ugonjwa nao ni pumziko tusilolichagua.

Sasa tueleze kwa nini tulinyamaza. Katika mwaka wetu wa kwanza wa uchungaji tulikuwa na kitabu cha kuandikia ziara za wagonjwa. Majuma fulani ya mvua tulikaa nyumbani. Mengine yalikuwa ya matope, mengine ya uvivu tu. Usiku mmoja, kabla ya mkubwa wetu kuja kukagua, tulikijaza kitabu chote. Kati ya majina tuliyoyaandika lilikuwamo jina la mzee mmoja aliyekaa ng'ambo ya mto. Kitabu kilisifiwa. Juma lililofuata mzee yule alikufa, nasi hatujafika kwake. Kitabuni alikuwa ametembelewa, kitandani hakutembelewa.

Ndipo tulipojifunza kazi ya nafasi tupu. Kama tungaliiacha tupu mbele ya jina lake, utupu ule ungalituita. Ungalitusumbua kila tulipofungua kitabu, mpaka tuvuke mto. Lakini tulipoijaza, tuliinyamazisha, na baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kutukumbusha. Uongo wa namna hii hauwadanganyi wakaguzi tu. Wamnyima mwenyewe sauti ya kumrudisha kazini.

Siku ya tatu tulimwita binti, tukamweleza habari ya mzee yule, jambo tusilopenda kulieleza. Kisha tukamwambia, "Mwanangu, ahadi yako haikuwa ya kutimiza hesabu. Ilikuwa ya kurudi. Hesabu imevunjika, kurudi hakujavunjika." Hakujibu neno. Alitoa kalamu yake, akaandika katika kila ukurasa wa zile nne neno moja, "Homa," akauliza kama aweza kutuchora tulipoketi. Picha ile haikutupendeza, kwa maana ilituonyesha wazee kuliko tulivyodhani. Akaandika tarehe ya siku ile.

Ndugu walimu wa Injili, nanyi mnayo madaftari: ya mafundisho, ya mahudhurio, ya ziara. Yafungueni. Mkiona mahali patupu, msipajaze kwa wino. Paacheni pawaite, kisha ondokeni mwende.