Kosa la Tanuru Refu

Wahenga walisema kwamba jitihada haiondoi kudura. Nilipokuwa kijana sikuupenda usemi huo hata kidogo. Mimi ni wa kizazi kilichokua kikisikia “Uhuru na Kazi”, na kwa fikra zangu mtu aliyeshindwa jambo alikuwa hajafanya bidii ya kutosha. Basi na aongeze. Leo, nikiwa mzee mstaafu hapa Kibeta, naona aibu kwa jinsi nilivyoitumia imani hiyo juu ya mtoto wa watu. Naomba msomaji anivumilie, kwani ili nilieleze kosa langu sina budi kwanza kueleza somo nililokuwa nikifundisha.

Nilikuwa mwalimu wa kemia. Kila mwaka, tulipofika kwenye mada ya msawazo, nilichukua neli ya kioo yenye maji yaliyoyeyushwa chumvi ya kobalti. Maji hayo yana rangi ya waridi. Nikitia asidi kali ya haidrokloriki, rangi inageuka kuwa buluu. Nikiongeza maji, uwaridi unarudi. Nikiiacha neli katikati, penye rangi ya zambarau, kisha nikaitumbukiza katika maji ya moto, buluu inashinda. Nikiipeleka kwenye barafu, waridi inashinda. Wanafunzi walipiga makofi kana kwamba wameona mazingaombwe.

Kumbe si mazingaombwe. Ndani ya neli ile mimenyuko miwili inakwenda kwa wakati mmoja, mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma. Fikiria lango la soko letu la Bukoba saa nne asubuhi: wanaoingia ni wengi kama wanaotoka, kwa hiyo idadi ya waliomo haibadiliki, lakini hakuna aliyesimama. Huo ndio msawazo. Kwa nje ni utulivu, kwa ndani ni pilikapilika.

Mwaka 1884 Mfaransa Henri Le Chatelier alieleza jinsi msawazo unavyojibu ukiguswa. Ukiongeza ukolezo wa kitu kimoja, mmenyuko unasogea upande wa kukitumia kitu hicho. Ukiongeza joto, unasogea upande unaolimeza joto. Kwa kifupi, unajisogeza ili kulipunguza badiliko ulilolileta. Nasema kulipunguza, wala si kulifuta. Ukisukuma, unasukumwa kidogo, na mambo yanatulia mahali papya.

Le Chatelier alisimulia kisa kimoja ambacho nilikisoma nikiwa chuoni, nikacheka, nikakisahau. Katika matanuru ya kuyeyushia chuma ya Ulaya, madini huondolewa oksijeni na hewa ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mainjinia waliona kwamba hewa nyingi ya aina hiyo inatoka juu ya tanuru bila kutumika. Wakasema: haikupata muda wa kutosha kukaa na madini. Basi wakajenga matanuru marefu zaidi. Kule Uingereza yakafikia mita 30 kwenda juu. Fedha nyingi ziliteketea, na hewa iliyopotea haikupungua. Tatizo halikuwa muda. Mmenyuko ule una kikomo chake: kaboni dioksidi inayozaliwa inataka kuurudisha mchezo nyuma, na mahali pa kukutana kwa nguvu hizo mbili panaamuliwa na joto na ukolezo, siyo na urefu wa mnara. Hata ungeongeza mita 100, jibu lingekuwa lile lile.

Sasa, ajabu ni kwamba sikuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Ukitoka hapa mjini kuelekea Muleba unapita Kemondo. Huko, na huko Katuruka upande wa Maruku, mwanaakiolojia wa Kimarekani Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuru ya chuma ya zamani sana, mengine yakikaribia umri wa miaka 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya mbele yake, na mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha habari zake katika jarida la Science. Wataalamu wamebishana kuhusu joto lilifika nyuzi ngapi na kwa njia gani. Lakini hakuna anayebisha kwamba chuma kilipatikana.

Tanuru la wazee wetu halikuwa refu. Lilikuwa na shimo chini, majani ya kinamasi yaliyounguzwa, mkaa, mirija ya udongo, na watu waliovukuta mivukuto. Mivukuto ile ilifanya kazi mbili. Iliukoleza moto, na penye moto mkali mkaa huigeuza kaboni dioksidi kuwa kaboni monoksidi tena. Vilevile iliisukuma nje hewa iliyokwisha kazi, isije ikakirudisha chuma kwenye hali ya kutu. Wazee hawakujua jina la Le Chatelier. Lakini walijua kwamba madini hayakaripiwi, yanatengenezewa hali.

Mimi niliyesoma vitabu nilikuwa bado sijalijua hilo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 nilikuwa na mvulana wa kidato cha tatu, mwerevu, ambaye ghafla alianza kuanguka. Alichelewa, hakufanya mazoezi ya nyumbani. Nikamwongezea mazoezi. Akaleta nusu. Nikamwongezea viboko. Kwa siku tatu aliwahi kufika, ila alilala darasani. Nikambakiza jioni. Siku zilizofuata hakuja kabisa. Kila nilipomsukuma alijisogeza kidogo, akatulia mahali papya pabaya kuliko pa kwanza. Nami nilijiambia: bado, ongeza.

Alipotimiza wiki mbili bila kuonekana nilifunga safari kwenda kwao, fimbo mkononi, kumrudisha. Nilimkuta bibi yake ameketi barazani na watoto watatu wadogo. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama ile fimbo.

“Mwalimu,” akasema, “unamtafuta mwanafunzi wako? Hapa sisi tunamwita baba. Amekwenda ziwani, labda watoto hawa watakula.”

Wazazi wa kijana yule walikuwa wamefariki wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini mwetu walionekana katika mkoa huu wa Kagera mwaka 1983, na wakati ninaousimulia hapakuwa na kijiji kisicho na makaburi mapya. Nilizijua habari hizo. Nilihudhuria misiba. Lakini sikuwahi kuuliza kama msiba umeingia darasani mwangu. Kijana hakurudi shuleni. Fimbo niliiacha njiani, na njia nzima nilikumbuka matanuru ya mita 30.

Swali linalonisumbua ni hili: mtu akishindwa, lawama iende wapi? Mwalimu mwenzangu niliyemsimulia alinijia juu. “Ukisema kila kitu ni hali,” aliniambia, “basi hakuna mvivu duniani. Molekuli haina hiari, mwanadamu anayo.” Ni kweli, wala sikatai. Nimewafundisha wavivu halisi, wenye chakula, taa na wazazi hai, na hao nisingewatetea. Hiari ipo. Bidii ipo. Ila bidii ya kijana yule ilikuwa inatumika yote, mchana na usiku, kuwalisha watu wanne. Mimi nilipima ile iliyofika darasani tu, nikaiita uvivu.

Nionavyo mimi, kanuni ile haifuti lawama, inaihamisha. Chembe haina hiari, lakini anayeshika mivukuto anayo. Baada ya siku ile, kila mwanafunzi alipoanza kuanguka, niliuliza kwanza: nani anapika kwenu? Unasomea taa gani? Mara nyingine ilitosha kumruhusu mtoto afanye mazoezi shuleni kabla ya kwenda kwao. Mara nyingine tulichangishana walimu tukalipa ada. Wapo waliofaulu. Wapo walioshindwa hata hivyo, maana mkono wa mwalimu mmoja hauwezi kugeuza hali yote.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mtu unayemsukuma: mtoto, mke, mfanyakazi, au nafsi yako mwenyewe. Ukiona umeongeza mara tatu na jibu ni lile lile, usiongeze mara ya nne. Lizunguke tanuru, uangalie moto ukoje, na hewa iliyochoka inatokea wapi. Mimi nilichelewa kufanya hivyo kwa mvulana mmoja, na sijamsahau.