Haki ya Mti Utoao Rangi

Tangu mwaka 1856, William Henry Perkin alipotengeneza kule London rangi ya kwanza ya dawa, rangi za miti zilizidi kusahauliwa. Sasa zatajwa tena, na wazisifuo husema kuwa ni safi kwa kuwa zatoka mtini. Je, hoja hiyo yatosha?

Hapa kwetu Malindi na Kilifi rangi hizi si ngeni. Mizizi ya mdaa huutia ukili weusi. Manjano huutia rangi ya jina lake, ingawa jua huiondoa upesi. Magome ya mkoko na mkandaa yakichemshwa hutoa wekundu wa hudhurungi, ambao wavuvi waliutumia kuzihifadhi nyavu zao. Nguo ikitangulizwa katika maji ya shabu huishika rangi barabara, na maji yenye kutu ya chuma huugeuza wekundu wa mkoko kuwa weusi.

Lakini na tuutazame mti wenyewe. Chakula kitengenezwacho na majani huteremkia mizizini kwa njia ya gome la ndani. Mwenye kuubambua mkoko kuzunguka shina lote ameikata njia hiyo, na mti hufa ungali umesimama. Tena mikoko ya Mida si mali ya mtia rangi peke yake. Baina ya mizizi yake hukulia samaki na kaa, nayo huuzuia udongo usichukuliwe na maji. Basi nguo hiyo imepata rangi kwa kupunguza riziki ya mvuvi asiyeulizwa. Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuriana, na katazo hilo lamhusu mwenye panga kama limhusuvyo mwenye dawa za kiwandani.

Huenda mtu akauliza: Je, mama zetu wasukao mikeka waiache kazi yao? Hasha! Boriti iliyokwisha katwa kwa ruhusa ina gome lake. Na litwaliwe hilo. Mdaa na uchimbwe mizizi michache, kisha ufukiwe upate kuishi. Mzingifuri, ambao rangi yake imo katika mbegu, na upandwe mashambani, kwani huchumwa na mti ukabaki. Na muuzaji amweleze mnunuzi, kabla ya kupokea fedha, ni rangi ipi itakayochujuka.

Kutoka mtini hakuitoshi rangi kuwa safi, mpaka itwaliwe kwa haki na iuzwe kwa ukweli. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.