Mgeni Siku Mbili

Mzee mmoja wa Johannesburg alipostaafu, aliuza nyumba akanunua gari lenye kitanda, jiko na friji ndani yake. Mwezi Julai, shule zimefungwa, akamchukua mkewe wakaenda kukaa Hifadhi ya Kruger.

Julai kule ni msimu wa ukame. Majani yamekauka, wanyama wanashuka kunywa maji mto Sabie, na watu nao wanashuka kuwatazama. Simba akijilaza kando ya lami, magari hubanana kama kwenye kivuko. Asubuhi ya kwanza mzee alifika akiwa wa mwisho, na gari lake kubwa halikuweza kupenya wala kugeuka. Alichoambulia ni ncha ya mkia.

"Basi," alisema waliporudi kambini, "mimi sihangaiki tena. Wanyama watanifuata hapahapa."

Kweli walimfuata. Uzio wa kambi humzuia tembo, haumzuii nyani. Yeye hupita juu ya miti. Jioni hiyo dume moja lilikaa hatua chache kutoka mlangoni, likatazama meza. Mzee akalitupia kipande cha mkate.

"Baba watoto, si wametukataza?" mkewe aliuliza.

"Mgeni hanyimwi, mama."

Siku ya pili nyani alirudi na wenzake. Jirani wa kwenye hema alikuwa akifungia chakula chake ndani ya gari. Akasema, "Mzee wangu, usimzoeze. Mazoea yana tabu." Mzee alicheka, akakata mkate mwingine, akapiga picha.

Siku ya tatu alikwenda kuoga, mlango akaurudishia tu. Aliporudi alikuta friji wazi, mayai yamepasuka sakafuni, na dume limekaa kitandani na mkate wote. Akalikemea. Halikukimbia; liliinua nyusi, likaonyesha meno. Mzee alipounyoosha mkono kuunyakua mkate wake, likamng'ata.

Alishangaa: amemlisha siku mbili, shukrani iko wapi? Lakini kwa nyani, mnyonge ndiye anayemwachia mwenzake chakula. Kile mzee alichokiita ukarimu, dume lilikisoma kuwa ni kushindwa, na mkubwa haombi ruhusa ya kuingia kwa mdogo wake.

Mkono ulishonwa. Siku chache baadaye dume lilelile liliingia kwenye hema lenye watoto. Askari wa hifadhi walikuja na bunduki. Mlio ulikuwa mmoja tu, na mke wa mzee, aliyekuwa akiosha vyombo, aliweka sahani chini asiseme neno.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee alidhani mgeni ni nyani. Kruger ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1926, na nyani walikuwa wakiishi pale tangu zamani. Aliyefika na nyumba yake mgongoni kama kobe ni yeye. Na jembe la mgeni wa hifadhini si zito: funga mlango na madirisha hata ukitoka kwa dakika moja, fungia chakula, usiache taka wazi, na mnyama usimpe chochote ila nafasi. Mzee alilikataa jembe hilo, akalipa kwa nyuzi chache za mkononi. Deni lililobaki alilipiwa na nyani.