Maji ya Udhu Yanakwenda Wapi?



Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili; haifiki lita moja. Sisi tunafungua bomba, tunazungumza habari za mitihani, maji yanakwenda.

Yanakwenda wapi? Hapa Kampala mfereji wa Nakivubo hupeleka maji machafu ya mji kwenye ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Mitambo ya Ggaba nayo huchota maji yetu ya kunywa ghuba hiyohiyo. Basi anayeona kinyaa akisikia maji yaliyosafishwa upya, anywe chai yake kwanza, tuzungumze.

Katika madhehebu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni tohara, ila hayatoharishi. Hatutawadhii tena, lakini kumwagilia miti au kusukumia choo yanafaa. Na maji taka? Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa: yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi zitoweke kabisa, yanarudi kuwa tohara, na udhu wake unasihi.

Kwa hiyo kizuizi si fiqhi. Ni mabomba. Misikiti yetu mingi huunganisha maji ya udhu na ya choo, na kuyatenganisha baada ya zege kumwagwa ni gharama kubwa. Kwenye ramani ni mstari mmoja tu. Mnaosomea uhandisi na mipango miji, kamati ya msikiti ikiwaletea ramani, uchoreni.